Kwa wajukuu wanaotaka kutibu watoto wenye kansa

Nyakato, Mwanza

Wajukuu zangu,

Mwangaluka. Jumamosi mlipokuja kunisalimia mlijaa sebuleni mpaka wengine mkakaa kizingitini, na mimi nikashindwa kuwajibu. Binti mmoja, yule mwenye sauti ndogo aliyekaa karibu na mtungi, aliniuliza: "Bibi, mimi nataka kuja kuwatibu watoto wenye kansa. Nianzie wapi?" Nikamwambia asome kwa bidii. Mkaitikia wote, mkanywa uji, mkaondoka. Jibu lile limenisuta siku nne. Kusoma kwa bidii hata kondakta wa daladala ya Igoma angewaambia. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na nne, zaidi ya nusu yake wodi za watoto, na mtu aliyekaa huko kiasi hicho alitakiwa awe na la ziada.

Nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Mwaka 1983 nilikuwa kwenye zahanati moja ya visiwani. Alfajiri moja akashuka mama kutoka mtumbwi wa wavuvi wa dagaa, na mtoto wa kiume wa miaka mitano mgongoni. Alikuwa na mapacha. Majina siyataji, na kwetu hakuna haja, mapacha wote ni Kulwa na Doto. Huyu alikuwa Doto. Shavu la kushoto limevimba, na mama anasema meno ya mtoto yanacheza. Nikamfungua kinywa, nikagusa magego kwa kidole. Yaliyumba kama vigingi kwenye mchanga wa ufukweni. Nikasema jino limeoza. Jino bovu sikuliona, wajukuu zangu. Nilisema hivyo kwa kuwa shavu likivimba ndivyo tulivyozoea kusema. Nikampa penisilini na kumwelekeza kwa mtu wa kung'oa meno, akang'olewa mawili.

Wiki tatu baadaye walirudi. Jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa nje, na mtoto alikuwa akilala kwa kukaa.

Ule ulikuwa uvimbe wa Burkitt, kansa ya tezi inayopenda taya la mtoto. Hukua haraka kuliko karibu kansa zote za binadamu, seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Pigeni hesabu ya wiki tatu, ninyi mnaosoma hisabati. Mimi niliipiga usiku ule nikiwa nimelala chali.

Tuliwasafirisha kwa boti mpaka Mwanza, wakapanda mlima wa Bugando, penye hospitali ya rufaa. Huko Doto akachomwa siklofosfamidi, dawa ya kansa. Sasa sikilizeni jambo la ajabu la ugonjwa huu: unavyokuja mbio ndivyo unavyokimbia. Ndani ya siku chache shavu lilianza kunywea, jicho likarudi mahali pake, mtoto akaomba samaki. Mama akaona amepona. Nyumbani alikuwa amemwacha Kulwa kwa jirani, na msimu wa kulima ulikuwa umefika. Akaambiwa arudi baada ya wiki mbili kwa sindano ya pili. Akasema ndiyo.

Alikuja zahanati kwangu miezi mingi baadaye, Kulwa ana malaria. Alikuja na Kulwa peke yake. Sikumuuliza, naye hakuniambia. Nilimpima damu yule mtoto mikono ikinitetemeka.

Nimewasimulia haya kwa sababu wengi wenu Jumamosi mlisema mnataka kuwa "daktari bingwa wa kansa za watoto". Ni vizuri. Lakini Doto alifika kwa daktari, na dawa ilikuwepo na ikafanya kazi. Alipotea kabla ya mlima na baada ya mlima. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye kansa hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 lilitangaza mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 dunia nzima ifikapo 2030. Mkiuliza tofauti hiyo inatoka wapi, wengi watawajibu mashine. Mashine ni kweli, siwadanganyi. Ila katika watoto niliowazika kwa macho yangu, wengi walichelewa kutambuliwa, au walikatisha dawa, au waliuawa na homa usiku ambao mhudumu alisema tusubiri asubuhi.

Basi yule binti wa mtungi aliyeuliza aanzie wapi, aanze kwa kuijua njia anayopita mtoto.

Burkitt mwenyewe alianza hivyo. Alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi Kampala, ng'ambo ya ziwa letu hili. Alipoteza jicho moja utotoni, lakini aliona ambacho wenye mawili walikipita. Mwaka 1958 aliandika kuhusu vivimbe vya taya alivyovikuta kwa watoto wa Uganda. Kisha akaanza kuuliza swali la kitoto: vinapatikana wapi, na vinaishia wapi? Akatuma maswali kwa posta kwenye hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari, wakazunguka wiki kumi, karibu kilomita 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha za watoto mkononi. Wakakuta uvimbe unafuata joto na mvua, na nyanda za juu zenye baridi haufiki. Unafuata ramani ya malaria. Mwaka 1964 watafiti wa London wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliopelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na leo tunajua kirusi hicho na malaria hushirikiana kumwandaa mtoto. Kwa hiyo wewe wa Ukerewe unayeona chandarua ni kitu cha kufugia vifaranga, tutazungumza.

Kuhusu masomo nitapita haraka, walimu wenu wanajua kuliko mimi. Udaktari ni miaka mitano ya chuo na mmoja wa mafunzo ya vitendo, kisha ubingwa wa watoto miaka mitatu hivi, kisha ubobezi wa damu na kansa. Uuguzi stashahada ni miaka mitatu. Famasia shahada ni minne. Bugando kuna chuo mlangoni, Muhimbili kipo kingine. Mliofeli fizikia msilie bado, nitawafikia.

Ninachotaka mkione ni kazi yenyewe, maana mmeiona kwenye televisheni tu. Chukueni usiku mmoja. Mtoto ana Burkitt tumboni, amepewa dawa mchana. Uvimbe unayeyuka, na takataka zake zote zinamiminika kwenye damu na kwenda kuziba figo. Dripu inakimbia. Kazi ya muuguzi usiku ule ni mkojo. Nilikuwa na chupa ya lita moja iliyokatwa shingo, nimeichora mistari kwa kalamu ya wino kwa kupima na bomba la sindano, mstari mmoja mililita hamsini. Saa nne, mistari miwili. Saa sita, mmoja. Saa nane, nusu ya mstari, rangi ya chai. Hapo unakwenda kumgongea daktari, hata kama alikufokea jana. Hakuna atakayekupiga picha ukiwa umeshika ile chupa.

Au chukueni mfamasia. Ipo dawa iitwayo vinkristini, inatokana na lile ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo watu hulipanda uani kwa urembo. Inaponya leukemia, yaani kansa ya damu, Burkitt, na uvimbe wa figo. Hupita kwenye mshipa wa damu tu. Ikichomwa mgongoni kwa makosa, karibu kila mara inaua, na inaua polepole. Mtoto wa leukemia huwa na dawa nyingine ambayo hiyo ndiyo ya mgongoni. Mabomba mawili yanafanana, mtu amechoka, saa kumi jioni. Ndiyo maana vinkristini inatakiwa kuchanganywa kwenye mfuko mdogo wa dripu na si kuvutwa kwenye bomba: mfuko hakuna atakayeuunganisha na sindano ya mgongo. Aliyebuni hilo aliokoa watoto bila kumgusa hata mmoja.

Na mganga wa zahanati, ambaye hamkumtaja hata mara moja Jumamosi! Yeye ndiye wa kwanza kuonyeshwa tumbo ambalo mama ameligundua akimwogesha mtoto. Kama ni uvimbe wa figo, asilibonyezebonyeze, unaweza kupasuka, na kila mwanafunzi asipewe zamu ya kulishika. Yeye ndiye anayeonyeshwa picha ya simu ambayo jicho moja la mtoto limeng'aa jeupe kama la paka, dalili ya kansa ya jicho. Akisema "ni mwanga wa kamera", jicho linakwenda, na pengine mtoto naye. Wakisema bandama, wakisema jipu, wakisema upungufu wa damu kwa mara ya tatu, mtu mmoja lazima aseme hapana, huyu apewe rufaa leo. Natamani nusu yenu mngeomba kazi kule.

Msimcheke mama aliyepitia kwa mganga wa kienyeji, mtoto ana chale mpya tumboni. Mimi nilikuwa na gauni jeupe lililopigwa pasi, nikampeleka Doto kwa mng'oa meno.

Sasa ninyi mliofeli fizikia. Wodini kuna neno linanikera mpaka leo. Mama akiondoka na mtoto kabla ya dawa kuisha, faili huandikwa "ametoroka", kama mwizi aliyeruka ukuta wa mahabusu. Mama yule ana watoto wanne nyumbani, mume yuko kambi ya uvuvi na simu haipatikani, pesa ya nauli amekopa kwa riba. Mtoto ametapika siku tatu na nywele zimebaki kwenye mto. Dawa nyekundu, doksorubisini, imebadilisha mkojo ukawa kama damu, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba itakuwa hivyo na si damu. Wewe ungebaki? Mtu wa kumbakiza ni afisa ustawi wa jamii mwenye akili, anayemuuliza siku ya kwanza: nyumbani umemwacha nani? Nani anampikia? Swali hilo lingeniachia Doto. Kuna wahisani siku hizi wanaosaidia malazi na nauli, Tumaini la Maisha ni mmojawapo, lakini lazima awepo mtu wa kuuliza na kuandika namba ya simu ya jirani.

Hali imebadilika, nakiri. Zamani mtoto akihitaji mionzi ni hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, siku mbili za treni. Leo mionzi ipo Bugando. Pale Kigongo tulikuwa tunasubiri pantoni na mgonjwa wa rufaa jua likituwakia, na tangu 2025 watu wanapita darajani. Kwa mtu wa Sengerema hayo ni mapinduzi. Mtu wa kisiwa cha Ukara bado anaangalia upepo.

Jambo moja la mwisho, nalo hamtafundishwa darasani. Kwa miaka mingi niliwaambia watoto sindano haiumi. Msichana mmoja wa miaka saba alinitazama, akakunja ngumi, na tangu siku ile hakunifungulia mkono. Alikuwa sahihi. Mwenzangu mzee akanifundisha: mwambie itauma, na mwambie itauma mpaka lini. Nikaanza kusema, "Itauma mpaka tukihesabu kumi, wewe na mimi." Yule msichana akachagua tuhesabu kwa Kisukuma. Tukifika tano kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, imeshaingia, lakini yeye anakataa tusiishie hapo, lazima tufike kumi. Wakiuliza mambo makubwa zaidi ya sindano, na watauliza, hasa usiku, fanyeni vilevile.

Haya. Jumamosi ya kwanza ya likizo njooni tena, na safari hii msije mikono mitupu. Kila mmoja aulizie nauli kutoka kijiji cha bibi yake mpaka getini Bugando: bodaboda, mtumbwi, meli, daladala, vyote. Mama na mtoto, kwenda na kurudi, mara sita, na chakula cha njiani. Aandike na siku ambazo boti haziji. Binti wa mtungi atasoma kwanza, kwa sauti kubwa, nimezeeka masikio. Uji nitapika.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu