Kwako uliyezinusuru zile santuri

Jina lako silijui, sura yako sijaiona, lakini masikio yangu yanakufahamu. Wewe ndiye uliyezichukua zile santuri za inchi 16, ambazo vituo vya redio vya Marekani vilirekodia vipindi vyao, ukazigeuza kuwa faili ninazosikiliza kwenye simu usiku, taa ikiwa imezimwa. Asante sana.

Najua hukubonyeza kitufe ukaenda kulala. Upande mmoja wa santuri hubeba takriban dakika 15, kwa hiyo mchezo wa redio wa nusu saa una kiungo katikati, nawe umekiunga nisijue kiko wapi. Mwendo nao umeusawazisha. (Nakala niliyokuwa nayo kabla ya yako, mpelelezi alisema kama panya!) Mikwaruzo michache umeiacha, nadhani kwa makusudi, na ulifanya vyema.

Juzi nilimsikiliza mwigizaji Agnes Moorehead katika mchezo wa mwaka 1943 wa Suspense, kipindi cha redio cha hadithi za kutia hofu. Mwanamke mgonjwa yuko kitandani, simu mkononi, na laini imeingiliana na watu wanaopanga mauaji. Kila opereta anapomjibu kwa ule upole wa kazini, mwanamke huyo anapandisha sauti kidogo, nami nazidi kuivuta shuka. Treni ilipopita nilizitoa spika masikioni nihakikishe haipiti nje.

Suspense ilikoma mwaka 1962, kabla sijazaliwa. Ukipata santuri nyingine, tafadhali usichoke. Mimi nipo, nasikiliza.