Mafundi wa bodi za saketi wapewe vifaa vya kujifunzia

Mhariri,

Hapa Mombasa, ambako hewa ya chumvi hula shaba upesi, vifaa vingi vya elektroniki hutupwa ilhali kilichokatika ni kijia kimoja tu, yaani mstari mwembamba wa shaba unaopitisha umeme, cha bodi ya saketi (ubao unaobeba vipuri vya kifaa). Fundi hodari husafisha kutu, kisha huunganisha kijia hicho kwa waya mwembamba chini ya hadubini. Lehemu, yaani metali inayoyeyushwa ili kuunganisha vipuri, ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, lakini nyingi zisizo na risasi huhitaji takriban 217 au zaidi. Asiyeijua tofauti hiyo huzidisha moto hadi shaba ikabanduka, na hasara humwangukia mteja. Naiomba serikali ya kaunti iwape wanafunzi wa vyuo vya ufundi hadubini, bodi mbovu za mazoezi na vyumba vinavyoondoa moshi wa lehemu.

Msomaji wako,
Likoni, Mombasa