Barua kwa mwanangu: sufuria uliyoifunua Pasaka

Rehema mwanangu,

Salaam nyingi kutoka Morogoro. Mimi sijambo. Masika yanaelekea ukingoni, na leo Uluguru umejifunua wote tangu alfajiri. Laki mbili ulizotuma Jumatatu zimefika, na maneno uliyoandika nimeyasoma: "Baba, nunua mboga nzuri, acha kujitesa." Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungelia tena kama ulivyolia Pasaka.

Najua kilichokuliza. Ulifunua sufuria ukakuta dagaa, pembeni matembele na ugali wa dona. Ukaniuliza, "Baba, mwalimu mzima, umefikia huku?" Nilinyamaza kwa sababu wajukuu walikuwa wanatusikiliza.

Mama, sikufika huku kwa njaa. Ila kuna jambo nilikuficha, na ni haki yako ulijue. Nilipostaafu 2021 na miaka yangu 60, fedha za mkupuo nilimalizia paa, zilizobaki nikanunua vifaranga 300. Nilikuambia kuku nimewauza. Sikuwauza. Nilichelewa kuwachanja, kideri kikaingia, na kwa siku nne nilikuwa nafukia kuku nyuma ya nyumba asubuhi na jioni. Nisamehe kwa uongo ule. Tangu siku hiyo naishi kwa pensheni peke yake, 380,000 kwa mwezi.

Na mwanzoni ilikuwa haitoshi. Mama yako alikuwa ametutoka mwaka mmoja kabla sijastaafu, na miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kusonga ugali. Asubuhi nilikuwa nakunywa supu na chapati, 3,000. Usiku chipsi mayai pale stendi, 3,500. Piga hesabu mwenyewe: 195,000 kwa mwezi, zaidi ya nusu ya pensheni, na mchana sijala bado. Mwaka 2022 nilikwenda kliniki kichwa kikiniuma, presha ikasoma 170 kwa 100. Muuguzi hakuanza na dawa, alianza kwa kuniuliza, "Baba, jana ulikula nini? Na juzi?" Nilivyokuwa nikimjibu, nikayasikia mwenyewe majibu yangu.

Kilichoniokoa ni daftari la mama yako. Unalikumbuka, lile la jalada gumu alilokuwa akiliweka kabatini chini ya vitenge? Nilikuwa sijalifungua tangu msiba. Ndani kuna kila kitu: chumvi, kopo la mkaa, fungu la mchicha, nauli yako ya shule. Mwaka baada ya mwaka ameandika bei ya debe la mahindi kila mwezi, na pembeni ya mwezi wa nane amepiga mstari mara mbili. Mimi nilikuwa naleta mshahara na kudhani ndio unaotulisha. Kumbe tulikuwa tunalishwa na ule mstari.

Basi nami nafuata mstari. Mwezi wa nane, mavuno yakishaingia sokoni na bei ikishuka, nanunua gunia moja la mahindi la kilo mia, linanitosha mwaka mzima. Nayaanika tena juu ya turubai, nayachambua punje kwa punje, yaliyovunda na yenye ukungu natupa. Hapo sina huruma wala sihesabu hasara. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya mahindi, na sumu ile haiondoki kwa kupika. Kisha yanaingia kwenye mfuko wa tabaka tatu, nafunga hewa isipite. Mashineni napeleka debe moja moja, kwa kuwa unga wa dona umebaki na kiini chake chenye mafuta, ukikaa sana unachacha. Dona ndiyo mahindi kamili, mwanangu. Sembe wanakoboa kile ambacho tumbo la mzee linakihitaji, halafu wanakuuzia kwa bei kubwa zaidi.

Daftari lilinionyesha na kitu kingine: mkaa ulikuwa unakula kuliko nyama. Siku hizi maharage nayaloweka jioni, asubuhi namwaga maji yale, nachemsha kilo nzima kwa mara moja, nagawa kwenye vibakuli na kuweka kwenye friji. Siku nikiyataka, nayaunga kwa kitunguu na nyanya kwenye gesi dakika kumi. Mtungi mdogo wa kilo sita unanivusha mwezi na siku kadhaa.

Sasa wale dagaa waliokuliza. Ni dagaa wa Mwanza. Nawatoa vichwa, nawaosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni. Nawakausha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, nikiwageuza taratibu mpaka waanze kulia chwa-chwa. Harufu ya shombo ikishageuka kuwa ya kuchoma, natia kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, kitunguu maji, saumu na tangawizi iliyopondwa, nyanya tatu na karoti. Mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, nakamulia limau. Limau ndilo linaloufanya ulimi usiulize chumvi. Vile vidonge vya mchuzi nimeviondoa jikoni, maana vimejaa chumvi. Muuguzi aliniambia chumvi yangu ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, tena hapo pamoja na ile iliyokwisha kuwamo kwenye mkate. Na dagaa wanaliwa na mifupa yao. Mifupa yangu nayo inaihitaji.

Matembele nachuma uani. Kabichi na karoti nanunua kwa akina mama wanaoshuka na mizigo kutoka Mgeta, jioni wakitaka kurudi. Hapo bei inalegea bila kubishana. Nyama nakula Jumapili, robo kilo, na naila kwa raha. Presha mwezi uliopita ilisoma 134 kwa 82. Vidonge nameza kila asubuhi kama kawaida, usifikiri nimeviacha nikategemea mboga.

Chakula changu chote, na gesi ndani yake, hakifiki 130,000 kwa mwezi. Ndiyo maana umeme haukatwi, michango ya misiba naitoa, na wewe hujawahi kupigiwa simu na mangi wa dukani kwamba baba yako anadaiwa.

Hela yako sikurudishii, nisije nikakuumiza. Nimeiacha kwenye simu, sehemu yake itanunua gunia na kilo kumi za maharage mwezi wa nane. Inayobaki ni nauli yenu. Shule zikifunga Juni pandeni treni ya umeme mje, na mkae wiki, si siku mbili. Usibebe unga, usibebe mafuta. Mihogo ya uani imetoa majani laini na nataka kuwapikia kisamvu. Nimeshajifunza kukitwanga mpaka kilainike kabisa, na kukichemsha muda mrefu bila kufunika, sumu yake itoke na mvuke. Karanga ninazo. Ninachokosa ni nazi. Huko Dar mnapata zile za Mafia, njoo na mbili.

Na ile mbuzi ya mama yako uliyoondoka nayo baada ya arobaini, ije nayo pia. Nimejaribu kukunia ya jirani, ina meno butu na kiti chake kinayumba. Ile ya mama yako naijua. Nilimchongea mimi mwenyewe mwaka uliozaliwa.

Wasalimie wajukuu.

Baba yako.