Kabla ya kununua betri mpya ya boti, pima waya

Wateja wengi wa boti za faiba hufika karakanani kwetu na betri mkononi, wakitaka nyingine. Taa za usiku zimefifia, pampu ya ngama (maji yanayokusanyika chini ndani ya boti) inazunguka kichovu, na lawama yote imeangukia betri. Tukiipima, mara nyingi betri ni nzima. Ubovu uko kwenye maungio.

Hata hivyo anza na betri, maana ni kazi ya dakika moja. Iache saa kadhaa bila kuchaji wala kutumika, kisha ipime kwa mita ya volti. Betri ya asidi ya volti 12 ikijaa husoma 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza ndipo uihukumu. Washa mashine: volti zinapaswa kupanda hadi 13.5 au zaidi. Zisipopanda hata ukiongeza moto, mashine haichaji, na betri mpya nayo itakwisha vilevile.

Betri ikiwa salama, fuata waya. Hapa wengi hudanganyika, kwa sababu waya uliooza husoma volti kamili wakati hakuna umeme unaopita. Lazima upime kifaa kikiwa kinafanya kazi. Tuseme pampu inazunguka, kwenye betri unasoma 12.5 na kwenye pampu 10.8. Volti 1.7 zimepotea njiani. Iache izunguke, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya chanya wa pampu, halafu rudia upande wa hasi. Upande wenye namba kubwa ndio wenye ubovu. Ncha ya betri ibaki palepale; ile ya pampu isogeze ukirudi nyuma kiungo kwa kiungo, swichi, fyuzi. Namba ikishuka ghafla, umekwisha kuruka penye kasoro.

Usiusahau huo upande wa hasi. Bodi ya gari ni chuma na hurudisha umeme, lakini faiba haipitishi, kwa hiyo kila taa inategemea waya wake wa kurudi. Kiungo kimoja cha hasi kikioza, taa kadhaa hufifia pamoja, na mtu hubadilisha swichi na balbu bure.

Chanzo ni chumvi. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa tepu huachia juani, kisha nyuzi za shaba hufyonza maji kama utambi. Kata mpaka uone shaba inayong'aa. Ukiendelea kukata na bado ni nyeusi, badilisha waya wote, na chagua ule wa shaba iliyopakwa bati. Ungia kwa kiungo cha kubana, ukifunike kwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa moto, na kiungo kikae juu ya maji ya ngama.

Fyuzi ikikatika tena na tena, tafadhali usiweke kubwa zaidi wala waya mtupu. Fyuzi inaulinda waya usiwake. Tafuta shoti, au uzi wa nyavu ulioisonga pampu.

Kabla ya kugusa chochote, fungua vifuniko upepo utoe harufu ya petroli, na ukifungua nyaya za betri anza na hasi.

Ukituletea boti, ilete na betri yake na usikate waya wowote. Tutapima kila kifaa kikiwa kinafanya kazi, na utasoma mita mwenyewe kabla hatujataja kipuri cha kununua.