Barua kwa binti yangu aliyepunguzwa kazi akiwa na miaka 47

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Sikonge. Huku hatujambo, msimu wa kurina asali umeanza na kila nyumba ina ndoo mlangoni.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umepunguzwa kazi baada ya miaka 19 ya uhasibu, na sasa unataka fedha zote ulizolipwa uzinunulie mizinga 100 uitundike shambani Kisarawe. Nyuki nimewapokea kwa mikono miwili. Mizinga 100 siikubali, mama, na nitakueleza kwa nini. Anza na mitano. Kaa nayo misimu miwili kamili kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba wewe sasa ni mfugaji.

Tuanze na fedha, maana mtu mwenye uchungu hata akiwa mhasibu hesabu zake mwenyewe humpotea. Kwa sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na kuhesabu kunaishia miaka 10. Miaka yako 19 kwa hiyo inalipwa kama 10, yaani siku 70. Juu yake kuna malipo ya notisi na likizo ambayo hukuchukua. Kagua karatasi uliyopewa mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii dai fao la upotevu wa ajira, ambalo ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Michango yako imefika miezi 228, na pensheni inataka 180, hivyo ya uzeeni ipo. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, nawe umebakiza 8. Iache itulie huko.

Kilichobaki mkononi, toa kwanza matumizi ya nyumba ya miezi 6: kodi, ada, chakula, umeme, nauli. Yaweke akaunti nyingine, usitembee na kadi yake. Katika salio, nyuki wapate sehemu moja ya kumi mwaka huu, basi. Hesabu yake ni hii. Ukitundika mizinga mitano, msimu wa kwanza huenda mitatu tu ikaingia nyuki. Mzinga ukifanya vizuri unakupa kilo 10 hadi 15 kwa mwaka, na huo wa kwanza wanautumia kujenga masega. Ukipata kilo 30 kwa yote, umefanikiwa sana. Kilo 30 hazilipi ada ya mtoto. Mwenye mizinga 100 asiyejua kuikagua ana masanduku 70 matupu yaliyojaa mchwa na nondo wa nta, na kovu jipya juu ya lile la kuachishwa kazi.

Sasa mwili, maana nyuki utawafuga kwa huo ulio nao leo.

Unasema hulali, unaamka saa nane usiku umelowa jasho, unalia bila sababu, na umeamua kwamba yote ni kwa ajili ya kazi. Huenda ni kazi. Lakini una miaka 47, na hedhi inapokaribia kukoma mwili hufanya hivyohivyo: joto la ghafla, usingizi wa vipande, moyo kwenda mbio, hasira za karibu. Usije ukayafanyia maamuzi makubwa ya maisha mambo ambayo nesi angeyatambua kwa maswali matano. Nenda kituo cha afya, ueleze yote. Damu ikirudi baada ya kukata miezi 12 mfululizo, hiyo si ya kusubiri, ichunguzwe wiki hiyohiyo. Safari hiyohiyo ufanye kipimo cha mlango wa kizazi, kwa kuwa ni cha wanawake wa miaka 30 hadi 50 na wewe bado umo. Upime sukari kabla ya kula, na presha. Presha ipimwe ukiwa umekaa kimya dakika 5, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku mbili tofauti, inataka daktari.

Hapo kuna jambo ambalo wauza mizinga hawalisemi. Ukiandikiwa dawa ya presha, mwambie daktari kwamba utafanya kazi na nyuki. Dawa za kundi la atenolol na propranolol zinaweza kufanya mzio wa sumu ya nyuki uwe mkali zaidi, na sindano ya kuokoa maisha isifanye kazi inavyopaswa. Zipo nyingine za kuchagua, lakini daktari atajuaje kama hukumwambia? Dawa usiiache mwenyewe. Kuvimba mahali ulipoumwa ni kawaida, hata mkono mzima. Vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, kifua kubana, kizunguzungu: ukiona hata kimoja, hospitali dakika hiyo. Mwiba ukiingia, ukwangue upesi kwa ukucha. Kila sekunde ukikaa unaendelea kusukuma sumu.

Tembea. Dakika 30 kwa mwendo wa kutoa jasho, siku 5 kwa wiki. Ukiamka, hata usiku uwe ulikuwa mbaya namna gani, amka saa ileile. Mtu aliyetoka ofisini akipoteza saa ya kuamka, siku nzima humtoka mikononi.

Mzinga wenyewe nao uchague kwa umri wako. Wa magogo unatundikwa juu mtini, wa kupandia kwa kamba, huo tuuache. Ule wa ghorofa za fremu, sanduku lake kubwa likijaa asali linapita kilo 30, na lazima ulinyanyue kila unapotaka kuona la chini. Mgongo wa mtu aliyekaa kitini miaka 19 hautaki habari hiyo. Chukua mzinga mrefu wenye viunzi, yaani vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'inizia masega, vilivyolala juu yake kimoja kimoja. Unautundika usawa wa kiuno, na kila mara unanyanyua sega moja tu la kilo moja au mbili. Ndio mzinga uliowafungulia wanawake wengi kazi hii.

Ukifika kwa fundi seremala, nenda na rula. Upana wa kiunzi kwa nyuki wetu ni milimita 32. Fundi akikata 35 kwa kuwa mbao zilikuwa hivyo, au 30 ili apate vingi, nyuki watajenga kwa vipimo vyao, sega moja litashika viunzi viwili au vitatu, na mzinga hautafunguka tena bila kuharibu kila kitu ndani. Katikati ya kila kiunzi, upande wa chini, achore mfereji mwembamba. Wewe utauyeyushia nta kidogo, ndipo nyuki wanapoanzia. Viunzi vibanane kabisa, pasipitishe mwanga.

Tundika kwa waya kati ya miti miwili au nguzo, mzinga uwe mita moja hivi kutoka ardhini, ili nyegere asiufikie. Waya upake grisi kwa ajili ya siafu na sisimizi, na urudie kila mwezi kwa sababu vumbi likishaikausha wadudu wanapita juu yake kama daraja. Majani yasiguse mzinga. Kivuli kiwepo, maji yasiwe mbali, na njia ya watu au banda la mifugo viwe mita 300 au zaidi. Kwa kuwa Kisarawe kuna mikorosho, ongea na majirani ujue siku wanazopuliza dawa, na uwaombe wapulize jioni nyuki wakiwa wamerudi.

Kagua mzinga kila baada ya wiki mbili, saa 11 na nusu jioni. Kwa joto lako la ghafla ndani ya ovaroli hiyo saa itakufaa pia, na kunywa maji kabla hujavaa. Moshi pumzi tatu mlangoni, subiri dakika mbili, halafu anza kutoka mwisho ulio mbali na mlango. Na hapa macho, mama. Yai la nyuki ni kama kipande cha uzi mweupe, urefu milimita moja na nusu, limesimama ndani, chini kabisa ya kitundu cha sega. Kwa miaka 47, bila miwani ya kusomea huoni kitu. Wengi husema "malkia hayupo" kumbe hawaoni mayai tu. Pima macho, vaa miwani ndani ya wavu, uifunge kwa kamba nyuma ya kichwa kwa sababu ikiteleza huwezi kuingiza mkono kuirudisha. Shika sega likiwa limesimama vilevile lilivyokuwa, jua likiwa nyuma ya bega lako. Ukitaka kuona upande wa pili, zunguka na kiunzi kikiwa wima. Usililaze. Sega jipya halina fremu ya kulishika, likilala kidogo linakatika na kuanguka na majana yake yote, yaani watoto wa nyuki, na kuanzia hapo utapigwa.

Ukiona mayai, malkia alikuwepo si zaidi ya siku tatu zilizopita. Funga, andika, ondoka.

Kuandika ndiko ninakotaka usimame. Unasema unataka kufuta ya nyuma na kuanza upya. Ya nini kufuta? Nyuki kibarua hubadili kazi kwa umri: siku zake za kwanza husafisha vitundu, kisha hulisha majana, kisha hujenga nta, na akifikisha wiki tatu hivi hutoka kwenda maua. Walezi wakipungua mzingani, baadhi ya waliokwisha kwenda maua hurudi kulea, na tezi za kutengeneza chakula cha watoto huamka tena. Kazi ya zamani ilikuwa bado imo ndani yao. Uhasibu wako nao umo. Wafugaji wengi wanajua nyuki kuliko utakavyowajua maisha yako yote, lakini waulize kilo moja ya asali imewagharimu kiasi gani, watanyamaza. Fungua daftari: namba ya mzinga, tarehe nyuki walipoingia, masega yaliyojengwa, mayai yameonekana au la, kilo za asali, kilo za nta, nauli, na saa ulizotumia. Saa zako ziandike kama mshahara. Mwisho wa msimu wa pili daftari hilo ndilo litakalokwambia kama uongeze mizinga kumi au ubaki na mitano kwa mapenzi. Yote mawili ni majibu mazuri.

Na wakati huo, daftari za watu wengine zikulishe. Tafuta maduka mawili au matatu yanayohitaji mtu wa kuandika vitabu siku mbili kwa wiki. Watu wakikuuliza unafanya kazi wapi, waambie ukweli: naandika hesabu za maduka na ninajifunza nyuki. Hakuna aibu humo. Aibu huingia pale mtu anapovaa suti asubuhi akazunguke mjini ili majirani wasijue. Mkwe wangu mweleze hesabu yote, hata zile namba zisizopendeza.

Kuhusu kurina nitakuandikia ukifika huko, ila mambo matatu uyajue sasa. Rina sega lililofunikwa nta robo tatu au zaidi. Asali iliyo wazi ina maji mengi, na yakizidi asilimia 20 inachacha ndooni na kupasua mfuniko. Waachie nyuki masega mawili au matatu ya asali karibu na majana, la sivyo watahama. La tatu ni la mhasibu: lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 28. Mnunuzi atakuja na bei ya lita ilhali yeye anakwenda kuuza kwa kilo. Kubali kwa mzani tu. Na yule mjukuu wangu mdogo asilambishwe asali hata ya kidole mpaka atimize mwaka mmoja, ina vimelea ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi.

Ukipata nafasi njoo huku, chuo cha ufugaji nyuki kipo Tabora mjini na warinaji wako hapa kijijini. Njoo msimu huu uone mikono inavyokwenda, kabla fundi hajakata ubao wa kwanza.

Nimempa dereva wa basi kifurushi. Ndani kuna nta nusu kilo na gundi ya nyuki imefungwa kwenye jani. Gundi ipashe joto, uipake ndani ya mzinga na kuzunguka mlango, kisha sugua na mchaichai mbichi. Watakuja wachache kwanza, kumi au ishirini, wataingia na kutoka, watatembea juu ya kuta kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga. Huenda wakaondoka wasirudi. Huenda siku ya tatu ukasikia mvumo kabla hujafika mtini. Likiingia kundi, usifungue mzinga kwa wiki tatu. Kaa pembeni, utazame mlangoni wanaorudi wamebeba chavua miguuni, uandike rangi yake.

Mama yako