Kabla hujaingia chini ya ile Corolla

Mwanangu,

Huku Moro salama, mvua imerudi, baba yako anakusalimia na magoti yake ni yaleyale. Meseji yako nimeiona, kwamba gari imetimiza kilomita 5,000 tangu sevisi ya mwisho na kuna gereji hapo Dodoma karibu na kazini kwako wanabadilisha oili kwa bei poa, ukaniuliza kama uipeleke. We mtu mzima, gari nishakupa, unaniomba ruhusa ya nini sasa. Ila nisikilize kwanza, na nimeamua kuandika maana kwenye simu ukishafika kwenye jambo la maana mtandao unakata.

Watu wanadhani namwaga oili mwenyewe kwa ubahili. Baba yako mwenyewe anadhani hivyo. Ukweli ni huu: kulikuwa na gereji moja, jina siitaji, fundi wake mcheshi balaa, nikifika tu nakaribishwa kiti, naletewa chai, "mama karibu mama". Nalipa oili, nalipa filta, nalipa ufundi, naondoka nimefurahi. Siku moja, sijui shetani gani alinituma, usiku kabla ya kupeleka gari nikachukua rangi yangu ya kucha ile nyekundu nikaweka doa dogo kwenye filta, kama punje ya mtama hivi. Kesho yake jioni nimeenda kuchukua gari, karatasi imeandikwa vizuri kabisa, oili, filta mpya, nimelipa. Nimefika nyumbani nikainama na tochi, doa langu hili hapa linanitazama. Wameifuta vumbi tu ile filta ikang'aa! Sikwenda kugombana, ila usiku sikulala nikiwaza zile sevisi zote za nyuma, na kama filta hawakugusa, oili je, walimwaga au waliongezea tu juu ya ile nyeusi?

Basi ndo nikaanza mwenyewe.

Dukani chukua dumu la lita 4. Hiyo injini yako ya 5A inakula lita 3 hivi ukibadilisha na filta, inayobaki weka kwenye buti ya kuongezea, maana gari ya mwaka 1998 kupunguza oili kidogo ni kawaida yake. Mimi naweka 20W-50, ile oili nzito, kwa sababu injini imeshachoka na joto letu hili linairuhusu. Angalia pia zile herufi mbili pembeni, gari ya petroli inaanza na S, ukiona SL au SN chukua, ukiona SF rudisha, hiyo ni ya injini za kabla ya 1989 hata kama muuzaji atakuapia kwa mama yake. Nunua duka la spea unaloliamini, kagua kizibo kama hakijachezewa, na dumu likiisha litoboe kwa msumari kabla hujalitupa. Madumu mazima yanaokotwa yanajazwa madudu afu yanarudi dukani, usiwasaidie.

Siku ya kazi washa gari dakika tano tu ili oili ilainike. Usitoke nayo safari ndefu ukaingia moja kwa moja chini, utaungua mkono. Sehemu iwe tambarare, handbreki juu, mawe nyuma ya matairi. Na hili nalisema nikiwa nimesimama: usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki inyanyue, stendi zishike, na tairi la spea lilaze chini ya gari pembeni yako. Kama huna stendi azima, kama hakuna wa kukuazima basi siku hiyo hakuna kazi, gari itasubiri.

Sasa nati ya kumwagia. Hapa nitakaa kidogo, na we unajua kwa nini, au umesahau? Ulikuwa darasa la nne, umenishikia tochi unamulika nyota badala ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nikafungua nati, oili ikaanza kumwagika kwenye beseni, nikasema mbona nyekundu? Mbona haina weusi? Nyepesi kama sharubati ya rosela. Nimefungua gia boksi mwanangu! Otomatiki ina nati yake jirani tu hapo chini, na ukiwa umelala chali macho yamejaa mchanga zinafanana. Nikaifunga nusu imeshatoka, nikapanda bodaboda hadi mjini kutafuta oili ya gia na mikono yangu nyekundu hivyo hivyo, watu wanadhani nimechinja. Na hiyo bado nafuu. Kuna wanaoimwaga ya gia bila kujua afu wanamimina oili mpya kwenye injini ambayo haijamwagwa, injini imejaa kupita kiasi, gia boksi kavu, wanawasha wanaondoka, hiyo gari haifiki mbali. Kwahiyo kabla hujafungua kitu chochote hakikisha uko upande wa injini, sio wa gia boksi, nati ni spana namba 14, na tone la kwanza likitoka jekundu funga hapohapo uanze kutubu.

Fungua kizibo cha juu cha injini ili imwagike vizuri, afu uiache robo saa. Usikae hapo na simu, itazame inavyotoka. Nyeusi haina shida, kazi yake ndo kubeba uchafu. Ikiwa kama chai ya maziwa maji yameingia, hapo usiwashe gari nipigie mimi kwanza. Ukiona vichembe vya chuma vinametameta kwenye beseni pia nipigie. Fundi wa gereji angeviona na asingekwambia, au angekwambia vipo wakati havipo.

Wakati wa kurudisha nati weka washa mpya, kile kipete cha kuzuia oili isivuje, anza kwa vidole, izunguke laini mpaka mwisho ndo ushike spana. Ikigoma usilazimishe, uzi wa sampu ukifa utaanza kuvujisha mpaka uchukie gari. Kaza kwa mkono mmoja, ishike, inatosha, sio unatia na mguu.

Filta ndo inasumbua mikono, imejificha, utaipapasa. Ikitoka igeuze uangalie ule mpira wake wa duara umetoka nayo. Saa nyingine unang'ang'ania kwenye injini, we huoni unafunga filta mpya juu yake, mipira inakuwa miwili, ukiwasha tu oili yote inaruka nje. Mpira wa filta mpya upake oili kwa kidole, funga kwa mkono mpaka uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana usiweke hapo.

Mimina lita mbili na nusu kwanza, pima na stiki, ongeza kidogo kidogo. Amini stiki, usihesabu madumu. Washa, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, isipozima zima wewe. Kisha zima gari, ngoja dakika tano, pima tena, chungulia chini kama kuna tone.

Ile chafu rudisha kwenye dumu la zamani, hilo ndo usilitoboe kwanza, peleka gereji yoyote yenye pipa. Babu yako anapaka nguzo za uzio eti mchwa wanakimbia, kweli wanakimbia, ila na kisima kiko palepale na nimeshamsema nimechoka. Na unawe mikono na sabuni kabla hujashika ugali, ile kitu si nzuri kwenye ngozi.

Spana 14 iko kwenye mfuko wa bluu chini ya tairi la spea, pamoja na washa mbili. Funeli sijaweka, kata chupa ya maji.

Au kama umechoka na kazi we peleka tu gari hapo gereji, sikukatazi. Filta iliyopo nimeifunga mimi wiki ile unakuja kuchukua gari. Wakishakukabidhi na risiti yao ukishafika nyumbani, inama na tochi uangalie upande wa chini. Doa ni la zambarau, nyekundu iliisha.

Mama yako