Harambee ya hadubini: tuchangie watoto wapime plastiki ya Ziwa Tanganyika

Habari zenu wazazi, walezi, wavuvi wa Kibirizi na Katonga hapa Kigoma, na nyie wote mliosoma hapa mkaondoka na treni mkahamia Dar, Mwanza na Dodoma, wakubwa shikamooni. Naandika kwa niaba ya kamati ya wazazi. Tunatafuta milioni 5 na laki 8, na mara hii sio ya ukuta wala madawati, ni ya klabu ya mazingira ya shule ipate vifaa vya kupima plastiki ndogondogo ziwani.

Najua kuna mtu ashasema mbona rambo, mifuko ya plastiki, zilishapigwa marufuku. Ndio, tangu tarehe 1 Juni 2019, na kanuni zinasema ukikutwa nayo ni faini ya elfu 30 mpaka laki 2 au siku zisizozidi 7 ndani. Imesaidia, tusidanganyane, hata mitaro imepumua. Ila anayekamata anakamata kitu anachokiona, na hii tunayoisema ni vipande vya chini ya milimita 5, vingine jicho halivipati kabisa, yaani kamba ya nailoni iliyochakaa, wavu uliotupwa, nyuzi za nguo tunazofulia ufukweni, na vile vifungashio laini vya kupimia dagaa ambavyo jua likivipiga miezi kadhaa vinapasukapasuka mpaka vinakuwa kama vumbi. Hapo unamkamata nani, kwa ushahidi gani?

Na ziwa letu haliogi likajisafisha kama mto. Kina chake kinafika mita 1,470, njia yake ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi yanaondoka kwa kukauka na jua. Maji yanapaa, plastiki inabaki. Mwaka 2024 wavuvi wetu walikaa nchi kavu kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane, watu walilala njaa jamani, lakini hao migebuka na dagaa tuliowapumzisha wanameza nini huko chini hakuna aliyetuambia.

Sasa kuna mama mmoja Marekani, anaitwa Diane Wilson, mvuvi wa kamba kule Texas, sio profesa wala mbunge. Yeye na wenzake waliojitolea waliokota punje za plastiki zilizokuwa zinatoka kwenye kiwanda cha plastiki cha Formosa, wakajaza mifuko na chupa maelfu, kila moja na tarehe na mahali ilipookotwa, wakaenda nazo mahakamani. Mwaka 2019 jaji akawapa haki na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 50. Serikali ya jimbo ilikuwepo muda wote huo, na sheria ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuokota na kuandika tarehe. Na sisi Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na haki ya kwenda kudai ikivunjwa, kwa hiyo mlango upo, hatuna tu cha kuingia nacho.

Kazi yenyewe iko hivi. Kila mwezi mtumbwi unatoka na mwalimu, wanafunzi wachache wakubwa wenye maboya na mtu wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) kama shahidi, wanaburuta wavu wenye matundu madogo sana juu ya maji, sehemu zilezile kila mara, mdomo wa mto Luiche ikiwemo. Kilichonaswa kinawekwa kwenye chupa ya kioo (ya plastiki itatuharibia hesabu), inaandikwa saa na mahali, wanasaini wote. Wakifika maabara wanaunguza majani na uchafu kwa kemikali ya haidrojeni peroksaidi, wanatia maji ya chumvi nyingi plastiki ielee, halafu hadubini. Watoto watavaa koti za pamba, maana masweta yetu ya shule yenyewe yanatoa nyuzi, tutajikuta tunapima masweta. Kujua ni plastiki ya aina gani hasa kunahitaji mashine ambayo hatuwezi kuinunua hata tuuze shule, hivyo sampuli chache tutazipeleka maabara ya chuo kikuu.

Hadubini mbili ndio zinakula hela nyingi, zikifuatiwa na wavu na machujio, halafu kemikali, chupa, maboya, mafuta ya injini ya mwaka mmoja na gharama za chuo. Mwenye mtumbwi akitupa safari moja kwa mwezi bure, hiyo nayo ni mchango, tutaiandika kwenye daftari kama hela. Majibu yote, mazuri na mabaya, nakala moja NEMC (baraza la taifa la mazingira), moja halmashauri, moja TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) ambao kituo wanacho hapahapa Kigoma, na moja inabandikwa mwaloni kwa Kiswahili. Hata kama yatamgusa mtu aliyetuchangia. Hilo kamati imeshalipitisha, asije mtu akasema hakuambiwa.

Buku inapokelewa, laki inapokelewa. Namba ya kulipia ameiweka mhasibu kwenye grupu la wazazi, usitume kwa namba ya mtu binafsi hata akijiita mwenyekiti, na dai risiti. Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa 4 asubuhi uwanjani, wali na migebuka vipo, njoo na sahani yako, za kutupa hatutakuwa nazo.